Geuza Kitanda, Usimgeuze Mtu

Daktari Neema, katibu wa Chama chetu cha wapasuaji wa uti wa mgongo, ameniomba kurasa nne. Anataka historia ya Chama kilivyoanza, iwekwe kwenye kijitabu kitakachogawiwa katika mkutano mkuu utakaofanyika hapa Bagamoyo. "Mzee Rajabu, andika tu unavyokumbuka," aliniambia kwenye simu. "Vijana wetu wanadhani Chama kilishuka na mvua." Nimeanza mara sita. Mara ya kwanza niliinuka nikaenda kurekebisha bawaba ya mlango ambayo haikuwa na ubaya wowote. Mara ya pili nilifungua feni. Mke wangu, Mama Zuhura, sasa amenipiga marufuku kugusa kitu chochote chenye skrubu humu ndani mpaka nimalize.

Tangu nistaafu sikai. Wenzangu waliniaga kwa kiti cha kupumzikia, kile cha kuegemea nyuma, chenye mto wa kichwa. Ni kiti kizuri, wageni wanakifurahia. Mimi nikikikalia dakika tano miguu inaanza kuchezacheza, nainuka, natembea mpaka stendi bila ya safari, narudi. Mama Zuhura anasema mtu aliyewafunga wenzake wasisogee maisha yake yote lazima naye aonje. Anatania, lakini utani wake una ukweli kuliko anavyojua.

Kwa msiojua, mimi si daktari. Nilikuwa fundi wa plasta. Kazi yangu ilikuwa kuufunga mfupa uliovunjika ukae mahali pake mpaka Mungu auunge. Vyeo nitaviruka kwa sababu nilikuwa nacho kimoja, na mshahara nitauruka kwa sababu mnaujua.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa chumba mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na mlango wa nyuma. Ndani mlikuwa na meza ya mbao, ndoo mbili, mkasi mkubwa, msumeno wa mkono wa kukatia plasta, na vumbi jeupe lililotanda mpaka darini. Vumbi lile liliingia kwenye kucha zangu wiki ile na sikumbuki kama liliwahi kutoka. Aliyenipokea ni Daktari Msechu, mpasuaji wa mifupa, mtu wa milimani, mrefu, mwenye maneno machache kama aliyakopa. Hakuniuliza nimesomea wapi. Aliniambia nivue shati, akanifunga jaketi la plasta kutoka makwapani mpaka nyongani, kisha akaenda zake kuwaona wagonjwa. Akarudi baada ya saa za mchana kupita. Nilikuwa nimesimama ukutani nikitokwa jasho, siwezi kukaa, siwezi kuinama, najikuna kwa rula.

"Sasa unajua unachowafanyia watu," alisema, akachukua msumeno.

Somo la pili lilikuwa la kumgeuza mtu aliyeumia mgongo. Hageuzwi na mtu mmoja. Huhitajika watatu: mmoja kichwani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni, na wote humviringisha pamoja, kama gogo, asijipinde popote. Aliyeshika kichwa ndiye mwenye amri. "Hata kama aliyeshika miguu ni mganga mkuu," Daktari Msechu alisema, "anasubiri mwenye kichwa." Tulifanya mazoezi kwa mlinzi wa geti, ambaye alikuwa mzito na alipenda sana zoezi lile kwa sababu alikuwa akilala usingizi humo humo.

Nimetoka kidogo kuangalia kama bomba la uani limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Naendelea.

Wiki yangu ya tatu, mchana, pikapu iliingia uani ikiwa imebeba jeneza. Jeneza la msikitini, la kijani, na juu yake mtu aliye hai, tena anaomba maji. Mlinzi wa geti alinyoosha mkono. "Mochwari ni kule nyuma."

"Huyu yuko hai," alijibu kijana aliyekuwa amelishikilia jeneza kwa mikono miwili. Alikuwa akiitwa Athumani, kutoka Fukayosi. Aliyelala alikuwa mdogo wake, Salehe. Salehe alikuwa juu ya lori la mananasi akikaza kamba ya turubai, kamba ikakatika, akaanguka chali barabarani. Athumani akakimbilia msikitini, akalitoa jeneza bila kumwomba mtu ruhusa, wakamtelezesha nduguye juu yake. Wazee walimfokea njia nzima mpaka gari lilipoondoka. Walimwambia anamchuria nduguye, kumlaza kwenye jeneza hali anapumua.

"Sikuona kitu kingine kilichonyooka," aliniambia, kama anayeomba radhi.

Vijana, isomeni tena sentensi hiyo. Hakuwa na siku moja ya mafunzo ya afya. Lakini aliangaza macho kijiji kizima akatafuta kitu kilichonyooka, na akamfunga nduguye kwa kanga mbili asicheze. Miaka mingi baadaye Chama kilichapisha mabango kuwafundisha watu kufanya hivyo hivyo.

Daktari Msechu alikuwa ndani anapasua. Athumani akaenda dirishani kuandikisha kadi. Tulibaki mimi na Salehe barazani, jeneza likiwa sakafuni. Nikamfungua zile kanga nimwangalie, nikamshika kidole gumba cha mguu, nikamwambia akicheze. Kikacheza. Cha pili nacho kikacheza. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa maana mgongo wake ulikuwa umevimba kama mkate wa kumimina na nilikuwa nimeogopa.

Kisha uso wake ukapauka. Jasho jembamba likamtoka, macho yakapanda juu. Akanishika mkono. "Fundi, nakwenda. Nielekeze kibla."

Kanuni nilikuwa naijua. Nilikuwa nimefundishwa wiki mbili tu kabla, kwa mlinzi wa geti. Lakini yapo ambayo mtu hufundishwa na mwalimu na yapo ambayo hufundishwa na bibi yake, na mtu akianza kukata roho mbele yako husikii sauti ya mwalimu. Bibi yangu alisema anayemwacha Mwislamu afe ameelekea kusiko, ataulizwa. Nikapiga magoti. Nikapitisha mkono chini ya bega lake la kushoto, nikamvuta alalie ubavu wa kulia. Peke yangu. Mabega yakaja, kiuno kikachelewa.

Salehe alifumbua macho akanitazama. "Miguu yangu umeiweka wapi?" aliuliza.

Hakufa. Wala hakuwa anakufa. Maumivu yalikuwa yamemlevya, basi. Nilimrudisha chali upesi, nikamshika tena kidole gumba, nikamwambia akicheze, nikamwambia tena. Daktari Msechu alipotoka, akiwa bado na kofia ya upasuaji kichwani, alinikuta nimekishika kidole kile kama mtu aliyeshika kitasa cha nyumba iliyohamwa.

"Kimecheza?" aliuliza.

"Hakichezi," nikasema. Nilipaswa kuendelea. Niliendelea, ila si na ukweli. "Nadhani walimgeuza njiani."

Alikunja uso, akaliandika hilo kwenye faili. Athumani alikuwa ameshafika nyuma yetu, kadi mkononi. "Tulimgeuza?" aliuliza.

"Mlipompandisha kwenye hilo jeneza," Daktari Msechu alimwambia, si kwa ukali. "Hamkumgeuza?"

Athumani aliitazama mikono yake, mmoja kisha mwingine. "Labda," akasema.

Nimeishi na "labda" hiyo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote isipokuwa mke wangu.

Salehe alikaa wodini miezi. Jaketi lake la plasta nililifunga mimi, na sijawahi kufunga lingine kwa uangalifu kama ule, kazi nzuri iliyokuja imechelewa. Hakunitaja. Nilijiambia hakumbuki, alikuwa amelewa maumivu. Athumani alihamia pale wodini, akalala chini ya kitanda kwenye mkeka, na akajifunza kazi ya kugeuza. Kwa sababu mtu asiyehisi mwili wake akiachwa bila kugeuzwa huoza ngozi: hutoka vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo ndivyo vinavyowaua. Njiani asigeuzwe, wodini asiachwe bila kugeuzwa. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, Athumani aliomba watu wawili, akashika kichwa, akahesabu. Wauguzi walianza kumtuma akawafundishe ndugu wa wagonjwa wengine. Alipomrudisha Salehe nyumbani, hakuwa na kidonda hata kimoja.

Sasa Chama. Ndicho mlichoniomba, nami nazunguka.

Kilianza kwa hasira za Daktari Msechu. Barabara ya Chalinze ilikuwa inatuletea migongo kila wiki: matingo waliolala juu ya shehena, abiria wa mabasi, waendesha pikipiki. Wengine walikuja wamekunjwa kiti cha nyuma cha teksi, magoti kidevuni. Aliandika barua kwa wapasuaji wachache aliosoma nao, wa Moshi, Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam. Kila mmoja akagundua alikuwa anapigana peke yake. Mmoja alikuwa na drili ya mfupa bila keekee zake, mwingine alikuwa na skrubu kwenye boksi bila drili. Wakakubaliana kukutana hapa Bagamoyo, likizo ya shule, kwenye darasa tuliloazimwa. Walikaa kwenye madawati ya watoto tangu asubuhi mpaka alasiri, wapasuaji wa migongo, na wote wakatoka wakilalamikia migongo.

Mimi nilikuwa mpika chai na mwandika mahudhurio. Mmoja wao, sitamtaja, aliuliza fundi wa plasta anafanya nini kwenye kikao cha wapasuaji. Daktari Msechu alimjibu bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake. "Sisi tunajua wagonjwa wanavyoondoka. Huyu anajua wanavyofika." Kisha akanigeukia. "Rajabu, waeleze kile kisa cha Fukayosi."

Nilisimama mbele ya ubao ambao bado ulikuwa na hesabu za kugawanya. Nikaeleza lori la mananasi, kamba, jeneza. Nilipofika kwenye jeneza walicheka. Nikasema kidole kilikuwa kinacheza pale alipoanguka, wanakijiji wakamgeuza, alipofika kwetu hakichezi. Nilieleza vizuri mno. Wakaazimia pale pale kwamba Chama hakitakuwa cha kisu tu. Kitatoka kwenda barabarani kufundisha watu namna ya kumbeba majeruhi. Ndivyo Chama chenu kilivyozaliwa, vijana, kwa kisa cha kweli chenye uongo mmoja katikati.

Mengine mnayaona wenyewe. Kabla ya Chama, mgonjwa wa mgongo alihamishwa hospitali hadi hospitali na barua, na kila barua ilisema "kwa matibabu zaidi". Chama kilifanya wapasuaji wapigiane simu. Seti za skrubu zilisafiri kwa mabasi, zimefungwa kwa turubai na kuandikwa "Vipuri", na konda mmoja wa basi la Mbeya alikuja kuzijua kwa majina kuliko wauguzi wetu. Waligombana pia, tena sana: wapo waliotaka kupasua kila mgongo na wapo waliotaka kusubiri, na nimeshuhudia watu wazima wenye miwani wakinuniana kwa ajili ya pingili moja ya kiuno. Lakini waliweka daftari la pamoja la wagonjwa, wakawafundisha vijana, na mpasuaji aliyeharibu alikuwa na mahali pa kusimama na kusema nimeharibu. Walikuwa na kikao maalumu cha hayo kila mwaka. Niliwapikia chai katika vikao vyote. Niliwasikiliza wakikiri, mmoja baada ya mwingine, na nikaosha vikombe.

Tulipoanza kwenda barabarani tulikwama Vigwaza. Tuliitisha mkutano karibu na msikiti, Daktari Msechu akasema majeruhi asigeuzwe. Sheikh wa pale, mzee mfupi mwenye sauti ya taratibu, akainua mkono.

"Daktari, ninyi mnasema asigeuzwe. Sisi mtu akiwa anakata roho tunamwelekeza kibla. Mnataka tuchague kati ya mgongo wa mtu na Mola wake?"

Daktari Msechu, Mkristo wa watu, akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Sheikh akacheka.

"Tulizeni roho. Dini haina uzito huo. Kama kumgeuza kunamdhuru, anaachwa chali, nyayo zikaelekea kibla, kichwa mkakiinua kidogo. Na huyo wa mgongo msimwinue hata hicho kichwa, Mola anajua. Geuzeni kitanda, msimgeuze mtu."

Watu wakapiga makofi. Daktari Msechu akaitoa kalamu akayaandika maneno hayo, na mpaka leo yamo kwenye kila kadi na bango la Chama. Mimi niliondoka nikaenda kuchungulia tairi la gari letu, ambalo halikuwa na pancha. Niliinama pale kwa muda mrefu. Jeneza la msikitini lina mikono minne. Ningemwita mlinzi wa geti ashike upande mmoja, mimi mwingine, tukalizungusha nusu duara pale barazani. Salehe angeelekea kibla bila kupindwa hata unywele. Dini yangu ilikuwa na njia, kazi yangu ilikuwa na njia, na zote mbili zilikuwa njia moja, nami sikuijua hata moja vizuri.

Baada ya Vigwaza tulikwenda Fukayosi. Nilijaribu kuumwa siku hiyo lakini Daktari Msechu hakuamini magonjwa ya ghafla. Watu walijaa. Daktari alipofika kwenye kisa cha jeneza, mtu alisimama nyuma. Alikuwa Athumani, amenenepa mabega kwa kazi ya kuinua.

"Kisa hicho ni changu," alisema. "Mimi ndiye niliyemgeuza mdogo wangu. Nitizameni. Msifanye kama mimi."

Tangu siku hiyo Chama kilimchukua. Alizunguka nasi Chalinze yote, na maneno yake yalifanya kazi kuliko picha zetu, kwani watu humwamini anayejishtaki. Misikiti kadhaa ilitengeneza jeneza la pili kwa ajili ya wazima, kwa sababu Athumani aliwaomba. Kila aliposimama kusema "mimi ndiye", mimi nilikuwa nyuma ya projekta nikigeuza picha. Mnaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa kazi. Halafu niliogopa Daktari Msechu. Alipofariki, Mungu amrehemu, niliogopa kuuharibu ushuhuda uliokuwa unaokoa watu. Mwoga hakosi sababu, na kila ikichakaa hupata mpya.

Mwezi uliopita Daktari Neema alinitumia rasimu ya ratiba ya mkutano. Baada ya hotuba ya ufunguzi kuna utoaji wa vyeti. Cha kwanza ni cha Mzee Athumani wa Fukayosi, "kwa ujasiri wa kukiri kosa lake lililozaa Chama". Niliisoma nikiwa nimekalia kile kiti cha kupumzikia. Niliinuka. Nilitembea mpaka stendi, na safari hii nilipanda gari.

Salehe na Athumani wanakaa nyumba moja, mlango wa Salehe ukitazama barabara. Alikuwa ameegemezwa mito, anashona kofia, ndiyo kazi yake. Sindano ilikuwa inakwenda bila yeye kuitazama. Athumani alikuwa chini anamchagulia nyuzi.

"Fundi!" Athumani aliniita. "Umekuja kunipa habari za cheti? Daktari Neema ameshanipigia. Sina koti, nimemwambia."

Nilikataa kukaa. Nilimwambia nitasimama, na kwamba nina neno ambalo nimelichelewesha. Nikamwambia barazani siku ile kidole kilikuwa kinacheza. Nikamwambia cha pili nacho kilicheza. Nikamwambia nani alimgeuza, na kwa mkono gani, na kwamba yeye wakati huo alikuwa dirishani anaandikisha kadi. Nilimwambia jeneza lilikuwa ndilo jambo bora kuliko yote yaliyofanyika siku ile.

Athumani aliokota bunda la nyuzi. Salehe ndiye aliyeweka sindano.

"Mimi nilijua," Salehe alisema. "Nilikuomba mwenyewe, fundi. Na mikono yako ilikuwa inanuka plasta. Nilimwambia huyu, wodini, tena hapa nyumbani, mara ngapi sijui. Si wewe, Athumani, ni fundi, tena mimi ndiye niliyetaka. Hakuniamini. Akadhani namhurumia. Na kila alipoona husemi, na wewe unazunguka naye vijijini, akazidi kudhani."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza.

"Wewe ulikuwa unajua tayari. Ningekuambia nini?"

Athumani alikuwa amelishika lile bunda la nyuzi bila kulifungua. "Wazee waliniambia nimemchuria," alisema polepole. "Daktari akaniambia nimemgeuza. Kila nilipokuwa namgeuza, kila siku ya Mungu, nilikuwa namwomba radhi moyoni. Kila siku, fundi." Alinitazama. "Sasa ile radhi yote alikuwa anaombwa kwa kosa la nani?"

Alitoka nje. Nilisikia akitembea uani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nami mtembeaji mwenzake nilijua mwendo huo. Niliwaza kwamba huenda amekwisha, kwamba nimekuja kujitua mzigo mimi nikamtwisha yeye mwingine. Salehe aliniambia nikae. Nikasema siwezi. Akasema, "Basi simama."

Baadaye jua lilipohama mlangoni Salehe aliita, kama anavyoita siku zote, "Kaka, ubavu!"

Athumani aliingia. Alikunja mikono ya kanzu. Anayemsaidia siku zote ni mkewe, na mkewe alikuwa shambani. Uti wa Salehe uliunga zamani, mtu mmoja anaweza kumgeuza bila madhara yoyote. Lakini Athumani, hata wakiwa wawili tu, hajawahi kuacha utaratibu wa wodini, naye hakuanza siku hiyo. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kichwani. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilikuwa nimeshasogea upande ule ule.

"Hapana," alisema. "Kichwa changu. Wewe kashike miguu."

Nikaenda miguuni. Nikaishika, myepesi, ya baridi, vidole gumba vikiwa vimelala ndani ya viganja vyangu. Mikono yangu ilikuwa inataka kuanza. Salehe alikuwa amefumba macho.

"Fundi," alisema, "leo msubiri mwenye kichwa."

Nikasubiri.